Zulia la selaginela linakauka kingo: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinauliza juu ya mmea mmoja, selaginela, ule unaotambaa chini kama zulia la kijani kibichi na kuuzwa vitaluni ndani ya vikopo vidogo. Jina lake la kitaalamu ni Selaginella kraussiana. Wengi wenu mmeuita kuvumwani, na ukiutazama kwa mbali unafanana nayo kweli. Lakini kuvumwani haina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupitishia maji, na selaginela inavyo vyote viwili. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mtunzaji. Kuvumwani nyingi zikikauka husinyaa tu zikangoja mvua. Selaginela hii haingoji. Ikikauka hadi kwenye shina, imekufa.

Kwao ni sakafu ya misitu ya mvua milimani: Usambara, Kilimanjaro, milima ya Kenya na Uganda, mpaka mashariki ya Kongo. Huota kando ya vijito, chini ya miti mikubwa ambako jua halipigi moja kwa moja na hewa haikauki mchana wala usiku. Ni mmea wa kwetu, ila sebule zetu hazifanani na kwao, na karibu matatizo yote mliyoyaandika yanaanzia hapo.

Shikamooni. Nina selaginela kwenye chungu, iko juu ya meza sebuleni. Naipulizia maji asubuhi, mchana na jioni, na udongo haujawahi kukauka. Hata hivyo ncha zinageuka rangi ya nyasi kavu, ukizigusa zinavunjika. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi wa chuo, Dodoma*

Marahaba. Kumwagilia hukukosea, tatizo liko hewani. Jani la selaginela lina urefu wa milimita chache tu na ni jembamba mno, na nta inayolikinga ni kidogo. Hewa ikiwa kavu, maji hutoka kwenye jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, hata kama udongo umelowa chepechepe. Ncha ndizo za mwisho kufikiwa na maji, kwa hiyo ndizo za kwanza kukauka.

Mmea huu unataka unyevu wa hewa usioshuka chini ya asilimia 60, na hupendeza zaidi ukiwa kati ya 70 na 80. Dodoma wakati wa kiangazi, mchana, mara nyingi hewa huwa chini ya 40. Kupulizia hakuzibi pengo hilo. Matone yanakauka ndani ya dakika chache, mvuke unatoka dirishani, na mmea unabaki pale pale. Mbaya zaidi ni ule mpulizo wa jioni: majani yanalala na maji usiku kucha, kuvu inapata nafasi. Sahani ya kokoto na maji chini ya chungu, ambayo watu wengi huipendekeza, huongeza asilimia chache tu na tena pale pale juu ya sahani. Haidhuru, lakini usiitegemee.

Kinachosaidia ni kupunguza ukubwa wa hewa inayouzunguka mmea. Chukua dumu la plastiki angavu la maji ya kunywa, la lita 5 au 10 kutegemea chungu, ukalikate kitako. Kata kwa mkasi ncha zote zilizokauka, kwa sababu hazirudi kuwa kijani. Mwagilia mpaka maji yatokeze chini, acha yachuruzike, kisha funika chungu kwa dumu hilo na kifuniko chake kikiwa kimefunguliwa. Mdomo ule wazi unatosha kupumulia. Weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua. Ndani ya wiki mbili hivi utaona vichipukizi vya kijani kilichopauka, laini, vikitokea kwenye panda za mashina. Vikionekana, ujue mmea umepona.

Kabla hujafunika, hakikisha ugonjwa ndio huo. Ukavu wa hewa huanzia kingo na ncha, na sehemu iliyokufa huvunjika kama karatasi kavu. Kuoza huanzia katikati ya zulia, sehemu hiyo huwa laini, nyeusi, na ukiinusa ina harufu ya bwawa. Mmea wote ukipauka na kuelekea manjano, mwanga ni mkali. Mashina yakirefuka na majani yakawa mbalimbali hadi udongo unaonekana katikati, mwanga hautoshi. Kufunika mmea unaooza ni kuumalizia.

Kipimaunyevu kidogo cha kidijitali ni kifaa chenye faida sana kwa mmea huu. Kiweke kwenye kimo cha majani. Kikiwa ukutani kitakupa hali ya ukuta.

Tunatumia maji ya kisima kirefu. Juu ya udongo, ambao umechanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, umetokea utando mweupe na selaginela imeacha kukua. Jirani alinishauri nichemshe maji kwanza. Nimefanya hivyo mwezi mzima bila nafuu.
*Baba wa nyumba, Kimara, Dar es Salaam*

Kuchemsha kumeongeza tatizo, ndugu. Ukichemsha maji magumu, sehemu ya chokaa hujitenga na kugandamana kwenye sufuria, hiyo ni kweli. Lakini visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi haitoki kwa moto. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki yote, kwa hiyo kila lita unayomwaga ina chumvi zaidi kuliko ile ya kisimani. Ule utando mweupe ni madini yaliyobaki juu maji yalipokauka.

Maji mazuri kwa mmea huu ni ya mvua. Ukiyakinga kutoka bati, acha dakika 10 hadi 15 za mwanzo ziende, zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uweke ndoo. Yafunike vizuri yasiwe mazalio ya mbu. Kiangazi, maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanafaa, maana ni mvuke wa hewa uliopoa na hauna chumvi. Masharti ni mawili: ndoo iwe safi, na siku fundi anapoosha kiyoyozi kwa dawa, maji ya siku hiyo na ya kesho yake yamwagwe.

Chungu chako kwanza kioshwe. Kwangua utando pamoja na sentimita moja ya udongo wa juu kwenye sehemu zisizo na mashina. Kisha kwa kila lita ya udongo mimina lita tatu za maji ya mvua, polepole, uchukue kama dakika kumi, maji yote yatoke chini na kumwagwa. Usiache chungu kikae ndani ya maji hayo yaliyotoka.

Kuna jambo jingine la kwetu pwani ambalo vitabu vya kigeni havitakuambia. Umeandika kwamba udongo wako umechanganywa na vumbi la makumbi. Makumbi mengi ya Pwani na Visiwani hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi kadhaa ili usumba ulainike kwa kusokotea kamba. Vumbi la makumbi ya namna hiyo limejaa chumvi ya bahari. Loweka kwenye ndoo kwa saa 24, kamua, mwaga, na urudie mara tatu kwa maji safi yasiyo ya kisima hicho. Ukiweza kupata makumbi makavu ya shambani ambayo hayajafukiwa, ni bora zaidi, ila nayo yaoshe angalau mara moja.

Nataka kutengeneza bustani ya selaginela ndani ya kioo, ninalo tangi la zamani la samaki lenye sentimita 30 kwa 20 na kimo cha 25. Nipange nini na kwa kiasi gani?
*Msomaji, Nairobi*

Umechagua chombo kizuri. Njia hii ina historia: mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward wa London aliweka buu la nondo kwenye udongo ndani ya chupa iliyofungwa, akagundua kwamba kangaga na nyasi zimeota humo bila kumwagiliwa. Hewa chafu ya London ilikuwa ikimuulia kangaga zake za nje. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalipelekwa Sydney kwa meli na mimea ikafika hai. Sababu ndiyo ile ile itakayofanya kazi kwenye tangi lako: maji yanayotoka kwenye majani yanagusa kioo, yanapoa, yanateremka kurudi kwenye udongo.

Osha tangi kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza mpaka harufu iishe. Chini weka kokoto zilizooshwa, unene wa sentimita 2.5, sawa na lita moja na nusu. Hapo ndipo maji ya ziada yatakapojificha ili mizizi isikae ndani yake. Juu ya kokoto tandaza kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, kipana kuliko tangi kwa sentimita moja kila upande, ukikunje kingo zipande ukutani. Bila wavu huo udongo utashuka kujaza mapengo ya kokoto katika miezi michache na tabaka lote litakuwa tope. Mkaa uliovunjwavunjwa ukipenda weka, lakini si lazima. Tangi linalonuka lina maji mengi, na mkaa hautaliokoa.

Udongo unahitaji lita 3.6 hivi ili upate unene wa sentimita 6. Changanya sehemu mbili za vumbi la makumbi lililooshwa, sehemu moja ya mboji ya majani iliyochekechwa, na sehemu moja ya pumisi, yale mawe mepesi ya volkano, ya ukubwa wa punje za mahindi. Hapo Nairobi wauzaji wa vifaa vya kilimo cha bila udongo wanazo. Ukikosa, mchanga mnene wa mto uliooshwa unafaa. Mboji imwagie maji yanayochemka, uifunike, uiache ipoe, ndipo uchanganye. Mayai ya visubi na konokono yatakufa humo. Samadi usitie hata kidogo, kwa sababu ndani ya kioo kilichofungwa amonia yake haina pa kutokea na huunguza majani.

Kabla ya kumimina, pima unyevu kwa mkono. Shika konzi moja ya mchanganyiko, ubane kwa nguvu. Matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, ndiyo hasa. Maji yakichuruzika, tandaza juani kidogo. Konzi ikifunguka na kumwagika, ongeza maji.

Kikopo kimoja cha mmea chenye upana wa sentimita 10 kinatoa vipande sita. Usivute, kata kwa kisu kikali kama unavyokata mkate, kila kipande na udongo wake. Vipande viachane kwa sentimita 10 hivi na vizikwe kwenye kina kile kile vilichokuwa nacho. Bonyeza kwa vidole mpaka mashina yaguse udongo pande zote, maana shina linaloning'inia hewani halitoi mizizi. Kisha mimina mililita 200 za maji ya mvua kwa kijiko, ukizunguka kingo, ufunike kwa kioo au plastiki angavu.

Kuanzia hapo kioo chenyewe kitakuambia. Asubuhi kiwe na jasho upande mmoja, kufikia saa sita mchana kiwe kimekauka au kubaki na matone ya juu tu. Jasho likifunika kioo chote kutwa nzima, sogeza kifuniko uache ufa wa sentimita 3 kwa saa chache, urudie kila siku mpaka litulie. Siku mbili zikipita bila jasho lolote, ongeza mililita 50 na si zaidi. Baada ya mwezi wa kwanza utajikuta unaongeza maji mara moja kwa wiki kadhaa tu. Zulia litajaza tangi kwa miezi mitatu au minne, na likianza kupanda ukutani likate kwa mkasi.

Wengi hutaka kuchanganya humo na kaktasi au mshubiri kwa ajili ya urembo. Tunaomba msifanye hivyo. Unyevu unaoistawisha selaginela utaiozesha mimea hiyo.

Nimefuata maelekezo yote ya bustani ya kioo. Siku tano tu, selaginela imekuwa kama mchicha uliopikwa. Chupa ilikuwa dirishani ipate mwanga.
*Dada wa Mombasa*

Pole sana, dada. Imepikwa kweli. Jua likipenya kioo kilichofungwa, joto la ndani hupanda kupita la chumba kwa dakika chache, na hewa haina pa kutokea. Selaginela hii inapenda nyuzi 15 hadi 24. Ikipita 30 huku hewa imesimama, huanza kulegea na kuoza.

Wakazi wa karibu na ikweta tuna mtego mmoja. Dirisha lisilopata jua mwezi huu linaweza kulipata baadaye. Mwezi Juni jua huwa kaskazini yetu, dirisha la kaskazini linapigwa. Desemba jua liko kusini, zamu inahama. Kagua mahali pa chombo angalau mara mbili kwa mwaka. Kipimo rahisi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe palipo mmea, nyosha mkono kama sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye kingo kali, sogeza mbali. Kivuli hafifu, kingo zimefifia, ni pazuri. Usipoona kivuli kabisa, ni giza.

Kwa Mombasa, kama chumba hakina kiyoyozi, tutakuambia ukweli: miezi ya Januari hadi Machi utahangaika na mmea huu na pengine utaupoteza. Tafuta fitonia, ile ya majani ya kijani yenye mishipa myeupe au ya waridi. Nayo hutambaa, nayo inapenda unyevu, ila asili yake ni misitu ya joto ya Amerika Kusini na inavumilia joto la pwani. Au jaribu Selaginella uncinata, ndugu yake huyu aliye na rangi ya samawati inayong'aa, anastahimili joto zaidi. Vyote viwili viwe kwenye chombo cha wazi kwa juu.

Asalaam alaikum. Nilisoma kwamba selaginela hata ikauke vipi, ukiitia maji inafufuka. Yangu nimeilowesha siku tatu na haijarudi. Halafu je, hii ndiyo kafu Maryamu inayouzwa sokoni huku?
*Msomaji wa Muscat, Oman*

Waalaikum salaam. Hapo mimea mitatu imechanganywa, na kosa ni la wauzaji wa mitandaoni. Inayofufuka ni Selaginella lepidophylla ya jangwa la Chihuahua, Mexico na kusini ya Marekani. Hujikunja kama ngumi ikikauka, hukaa hivyo miaka, na ikipata maji hujifungua kwa saa chache. Yako ni kraussiana ya misitu ya mvua, haina uwezo huo. Ikauke kabisa mara moja, basi.

Kafu Maryamu ya sokoni ni mmea mwingine kabisa, Anastatica hierochuntica, wa ukoo wa kabeji na haradali, wa majangwa ya Uarabuni na Afrika Kaskazini. Ule unaouzwa umeshakufa. Ukiuloweka matawi yanafunguka kwa sababu nyuzi zake kavu zinanyonya maji, na kwa njia hiyo humwaga mbegu zake mvua inaponyesha. Haugeuki kijani.

Kwa nyumba yenye kiyoyozi kutwa kucha kama za kwenu, weka selaginela ndani ya kioo tu, mbali na mkondo wa hewa ya kiyoyozi. Chungu cha wazi hakitafika mbali.

Visubi vimejaa kwenye chungu cha selaginela na sasa vinaingia hadi kwenye chai. Kila mtu ananiambia niache udongo ukauke.
*Msomaji wa Arusha*

Ushauri huo unafaa kwa mimea mingine, kwa selaginela haufai. Mmea utakufa kabla ya visubi. Tatizo halimo kwenye visubi vinavyoruka. Limo kwenye vifunza vyao, vyeupe vya kuangaza vyenye kichwa cheusi, urefu kama milimita 5, vinavyoishi kwenye sentimita chache za juu za udongo. Weka kipande cha kiazi mbichi juu ya udongo usiku. Asubuhi kigeuze, kama vipo utavikuta vimekishika.

Dawa inayofaa ni Bti, bakteria Bacillus thuringiensis israelensis, ile ile inayotumika kuua viluwiluwi vya mbu. Kiwanda cha Kibaha, mkoani Pwani, hutengeneza viuaviluwiluwi vya kibayolojia. Soma kibandiko vizuri, kwa sababu kipo pia kinachotokana na Bacillus sphaericus, na hicho ni cha mbu, visubi hakiwapunguzi. Fuata kipimo cha kibandiko, mwagilia kila wiki kwa wiki nne mfululizo. Ukikatisha baada ya wiki mbili, mayai yaliyobaki yanaanza upya, maana kizazi kimoja huchukua wiki tatu hadi nne. Wakati huo huo simika kadi za njano zenye gundi pembeni ya chungu, zikupunguzie wanaotaga. Mwagilia kwa utambi kutoka chini ili juu pasilowe kupita kiasi: uzi wa nailoni au poliesta unene wa kalamu, ncha moja imezikwa sentimita 4 ndani ya udongo, nyingine imezama kwenye kopo la maji lililo chini. Pamba inaoza ndani ya miezi michache, iache.

Jambo. Huku kwetu selaginela inakubali vizuri hata nje ya kioo. Nataka kuizidisha niuze. Nianze na mbegu?
*Msomaji wa Bukavu*

Haina mbegu. Huzaa kwa chembe ndogo kama vumbi, za aina mbili, kubwa na ndogo, na kuotesha kwa njia hiyo ni kazi ya subira isiyo na faida kwa muuzaji. Tumia vipande.

Inua shina taratibu utazame panda yake, pale linapogawanyika. Utaona uzi mweupe mwembamba, unateremka moja kwa moja kuelekea udongo, ncha yake imevimba kidogo kama kichwa cha kiberiti kilichopunguzwa. Huo ndio utakaokuwa mzizi. Kata kipande cha sentimita 4 au 5 chenye panda moja au mbili za namna hiyo, mahali ambapo shina lina kifundo. Hukatika pale kirahisi hata kwa kucha. Laza kipande juu ya udongo wenye unyevu, usikisimamishe, na uweke kijiwe cha ukubwa wa harage juu ya shina karibu na panda. Trei yenye kina cha sentimita 6 inatosha, mizizi haishuki sana. Funika kwa plastiki angavu. Mizizi hushika kwa wiki mbili hadi nne. Kikopo cha sentimita 10 kitie vipande vitano, kikijaa ndipo uuze.

Kosa la wanaoanza biashara hii ni kutoa vikopo chini ya plastiki na kuvipeleka sokoni siku hiyo hiyo. Majani yaliyolelewa kwenye hewa nzito hunyauka mchana mmoja. Fungua plastiki kwa muda wa saa moja siku ya kwanza, mbili ya pili, ukiongeza hivyo kwa siku kumi. Wala usichimbe msituni. Anza na kikopo kimoja kilichonunuliwa. Baada ya mwaka utakuwa na trei za kutosha.

Naenda likizo Moshi mwezi ujao. Naweza kurudi na selaginela ya kwetu kwenye begi, imefungwa kwa gazeti bichi?
*Msomaji wa Leicester, Uingereza*

Hapana, usijaribu. Mimea hai inayoingia Uingereza inahitaji cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na nchi itokako. Kwa Tanzania hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na kwa Kenya na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Udongo kutoka Afrika Mashariki hauruhusiwi kabisa. Bila cheti, mmea utachukuliwa na kuteketezwa. Isitoshe mmea huo huo unauzwa vitaluni huko huko Uingereza, tena umeshazoea maisha ya ndani.

Baridi ikija, hita hukausha hewa kama kiangazi cha Dodoma, kwa hiyo soma jibu la kwanza. Desemba urefu wa mchana wenu haufiki muda wa saa nane, ongeza taa ya LED nyeupe sentimita 25 hadi 30 juu ya mmea, saa 12 kwa siku. Na unapopunguza zulia, mabaki yaingie kwenye taka, yasitupwe kando ya mto. Huko New Zealand selaginela hii ilitoroka bustanini ikafunika sakafu za misitu hadi miche ya miti ya asili ikakosa pa kuota, na sasa ni marufuku kuiuza wala kuizalisha.

Mbolea gani, na kila baada ya muda gani?
*Msomaji, Moshi*

Kwenye kioo kilichofungwa, mwaka wa kwanza usitie kitu. Kwenye chungu, NPK ya kuyeyushwa ya 20-20-20, nusu kijiko cha chai ndani ya lita 10 za maji ya mvua, mara moja kila wiki sita hadi nane, udongo ukiwa umeshalowa. Ncha zikianza kuungua siku chache baada ya mbolea, osha chungu kama tulivyomweleza ndugu wa Kimara na upumzike miezi mitatu.